Sahani ya Tatu

Jumatatu, 1 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Bati linapiga kelele mpaka sisikii cherehani ya Tantine, shangazi yangu, chumba cha pili. Nimeandika kurasa kadhaa za mémoire, nimefuta karibu zote. Zilizobaki ni nzuri. Leo nimeipenda kazi yangu. Iandikwe hapa, maana haitokei mara nyingi.

Mémoire, tasnifu ya kumalizia masomo, naandika kwa Kifaransa, ndivyo chuo kinavyotaka. Humu naandika Kiswahili cha babu. Humu hakuna anayenipa alama.

Kitabu ninachokichambua ni riwaya ya zamani. Msichana anaitwa Malia, mjukuu wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko. Anakua wakati wa uasi, ule wa enzi za babu zetu. Kaka yake Petelo anachukuliwa na watu wenye bunduki, yeye anabaki na bibi yao. Kitabu kinamfuata mpaka anakuwa mwanamke.

Ni kitabu pekee cha hadithi humu nyumbani, vingine vyote ni vya dini. Mchwa wamekula pembe za juu, nambari za kurasa zimekwenda. Sura nazo hazina nambari, mwanzo wa kila moja kuna kapicha ka samaki tu. Nambari nimeandika mwenyewe kwa penseli. Prof, msimamizi wangu, anasoma fotokopi niliyompa. Alikisoma zamani akiwa kijana, anasema anakumbuka samaki tu.

Tantine kaingia, kakikuta kitabu mezani, kakifunika na kipande cha kitambaa. Kila siku hivyo hivyo. Hapendi meza chafu.

Jumatano, 3 Septemba

Prof kasoma sura yangu ya tatu. Kafurahi. Prof akifurahi huvua miwani na kuizungusha kwa mkono mmoja. Leo aliizungusha mpaka ikaanguka.

Nieleze vizuri, nikizeeka nikumbuke kwamba nilikuwa na akili. Nadharia ya kiwewe inasema hivi. Mtu akipatwa na jambo zito kuliko anavyoweza kubeba, halikai kwenye kumbukumbu kama mambo mengine. Linaacha shimo. Baadaye linarudi kwa mlango mwingine: ndoto, woga, kitu anachokirudia bila kujua kwa nini.

Sasa Malia. Sura moja inaishia yuko juu ya mawe ya mto, kaokota kiatu cha Petelo, kimoja tu. Sura inayofuata ni miezi baadaye, anapika. Katikati hakuna neno. Petelo kafa vipi, nani kaleta habari, kazikwa wapi: kimya. Halafu Malia anaanza kupakua sahani tatu. Ya bibi, yake, na ya mtu anayeketi mlangoni. Mtu huyo hatajwi jina. Malia anamsemesha, hajibu. Bibi anamwachia nafasi kwenye mkeka.

Ni mzimu wa Petelo. Kitabu hakisemi, mimi ndiye niliyeona. Shimo ni kifo, sahani ya tatu ni jeraha. Sura nzima nimeijenga juu ya sahani hiyo. Nimeiita La troisième assiette, sahani ya tatu. Prof anasema jina hilo peke yake linatosha kuamsha jury, watahini wangu, usingizini.

Nilimwambia Tantine wakati wa kula. Akasema, bila kuinua macho, "Sahani ya tatu? Hata hapa iko." Nikacheka. Ni kweli, tuko wawili tu na anapakua tatu. Lakini yetu ni sahani ya mgeni. Nyumba ya Waislamu, mtu anaweza kubisha wakati wowote. Inafunikwa, inakaa pale kwenye kona ya meza. Mgeni haji, asubuhi naila mimi na chai.

Jumamosi, 6 Septemba

Shule zimefunguliwa na mji mzima umegundua leo kwamba watoto wamerefuka. Tantine anashona yunifomu. Blauzi nyeupe, sketi za buluu, zimejaa mpaka kitandani kwangu. Mimi ni wa vifungo.

Tantine Zaina ni dada yake papa, mdogo wake. Papa na mama wako Opala, papa anafanya biashara ya mto huko, mimi nilibaki hapa kwa ajili ya masomo tangu nikiwa mdogo. Yeye ndiye amenilea. Amekataa wanaume wawili ninaowajua. Anasema cherehani haimuulizi alikuwa wapi. Akishika kitambaa mkono haumtetemeki, mkasi unakwenda moja kwa moja. Mimi nikikata, kitambaa kinalia.

Tarehe imetoka. Natetea Jumatano ya tarehe 24. Nikikosa hiyo, nasubiri mwaka mwingine. Sina moyo wa mwaka mwingine. Papa pia hana.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetoa mémoire kwa wasomaji wa jury. Mmoja ni Madame Bibiane, anafundisha riwaya. Haongei sana. Wanafunzi wanamwogopa kwa sababu hiyo.

Nazunguka nyumba nzima. Tantine kanipa tangawizi na kanifukuza jikoni.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku mbaya.

Madame Bibiane kaniita. Ofisi ndogo, dirisha moja, mvua inaingia. Mémoire yangu iko mbele yake, imejaa penseli. Akaniuliza, "Nuru, hiki kitabu umekisoma chote?" Nikajibu kwa kiburi kwamba nimekisoma mpaka karatasi zinachoka. Akaniangalia. Akasema polepole, kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza: "Petelo hakufa. Petelo alirudi."

Ana nakala yake, ya tangu alipokuwa shule ya masista, Bengamisa. Akafungua. Kiatu juu ya mawe, ninakijua. Geuza ukurasa. Kapicha ka samaki. Sura nzima ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Petelo anashuka kwenye pirogi, mtumbwi wa wavuvi, wakati wa chakula, mguu mmoja hauna kiatu. Bibi anamgombeza kwa kuchelewa. Anampa sahani. Petelo anaketi mlangoni na hasemi neno, siku hiyo wala miezi inayofuata.

Yule wa mlangoni ndiye Petelo. Yuko hai. Anakula. Na mimi nimeandika sura nzima kuthibitisha kwamba ni mzimu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Madame Bibiane angeweza kuliacha hili mpaka siku ya kutetea, mbele ya watu wote. Hakufanya hivyo. Akanipa nakala yake, kaifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Akasema ana hakika nitajua la kufanya. Mimi sina hakika hata kidogo.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikwenda chuo. Nimeisoma ile sura. Ni nzuri, na hilo linanikera zaidi.

Nimesoma tena kitabu chote kwa nakala ya Madame. Ni kitabu kingine. Mahali nilipoona mzimu, pana kijana aliyetoka porini hana sauti, na watu wawili wanaompenda wanaoendelea kuosha vyombo. Nimemzika mtu aliye hai. Tena kwa Kifaransa kizuri, na rejea chini ya ukurasa.

Halafu nikachukua nakala yetu, nikaifungua pale pale, kwenye kiatu. Nikaipanua mpaka mgongo ukalia. Ndani kabisa, karibu na uzi, kuna vipande vyembamba vya karatasi vimebaki. Vimenyooka. Mchwa hawali kwa mstari. Hiyo ni kazi ya wembe, na ya mkono usiotetemeka.

Kitabu hiki hakijawahi kutoka mikononi mwa watu wa nyumba hii.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemuuliza.

Alikuwa anatia kola. Nikaweka kitabu wazi kando ya cherehani, nikamwonyesha pale ndani. Akatazama. Mguu haukusimama mpaka mshono ulipofika mwisho. Akakata uzi.

"Ni miye," akasema. "Na wembe ya kufumulia."

Nikaketi kwenye rundo la sketi. Nikangoja. Akaanza kutafuta pini ambazo hazikupotea.

"Nilikuwa mutoto wa shule. Vita iliisha, masomo ikaanza tena, mwalimu akasema tusome kitabu. Nilisoma vizuri tu. Mpaka pale ule Petelo anarudi. Bibi yake anamugombeza, anamupa chakula. Nikasema hapana. Hii kitabu iko na uongo. Wetu hakurudi. Ya nini wa kwao arudi?"

Nikamuuliza alizipeleka wapi zile kurasa.

"Niliwashia mbabula. Chai ikachemka mbio."

Akacheka. Nami nikacheka. Kisha yeye akaacha na mimi nikaendelea kidogo peke yangu, vibaya.

Vita anayosema ni ile ya majeshi mawili ya wageni kupigana humu mjini mwetu. Sikuwa nimezaliwa. Na "wetu" ni Tonton Idi, kaka yake aliyemfuatia papa. Kwangu mimi Tonton Idi ni picha ukutani, kijana mwenye kola kubwa. Niliambiwa alikufa vitani na sikuuliza zaidi. Nimesoma juu ya wafu wa nchi nyingine kwa miaka mitatu, na wa ukutani sikumuuliza.

Jumapili, 14 Septemba

Papa kapiga simu kutoka Opala. Reseau mbaya, sauti inakuja na kukatika. Nilimwambia habari za kurasa. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema yote, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa.

Mabomu yalikuwa yametulia kidogo. Bomba la nyumbani limekauka. Idi akachukua bidon, akasema anakwenda kutafuta maji, anarudi sasa hivi. Hakurudi. Walimtafuta kila mahali walipolazwa wafu, mpaka wote wakazikwa. Hawakumwona. Babu alitaka waswali sala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti asiyekuwepo. Bibi akakataa. Papa alinisemea kwa sauti ya bibi: "Hamuswalii mutu anayekuja kula." Akapakua sahani, akaifunika.

"Ile ya kwenye kona," papa akasema. "Unafikiri iko ya nani?"

Nikasema ya mgeni.

"Ile ni jina ya kuambia majirani. Mama alianza, alipokufa Zaina akaendelea. Weye ulipokuwa mudogo ukaanza kuila asubuhi. Tulifurahi. Kabla yako ilikuwa inatupwa."

Simu ikakatika kweli.

Nimelia sana, nimejifungia chooni kama mtoto. Nina hasira na sijui na nani. Kwenye kitabu niliona sahani ya mtu aliye hai nikasema ni ya mzimu. Nyumbani niliona sahani ya Tonton Idi nikasema ni ya mgeni. Nadharia haikuwa na kosa. Ilikuwa imekosea nyumba tu, na mimi ndiye niliyeituma.

Na nimeila. Na chai. Miaka yote hiyo.

Jumatatu, 15 Septemba

Nilimweleza Prof. Yote, pamoja na Tantine na wembe. Nilikuwa nimechanganyikiwa, mdomo ukatangulia. Ilifaa niishie kwenye kurasa zilizokosekana.

Mwanzo alijishika kichwa. Kisha miwani ikatoka, ikaanza kuzunguka.

"Nuru, hii ni dhahabu."

Anataka hivi. Sura ya tatu haifutwi, inageuzwa. Riwaya ya kukua, imekatwa na msomaji mwenyewe mwenye jeraha. Shimo si la mwandishi, ni la msomaji. Nimhoji Tantine, nimrekodi kwa simu, maneno yake yaingie kwa Kiswahili chake na tafsiri chini. Sahani nayo, bila shaka sahani. Anasema hakuna jury iliyowahi kuona kitu cha namna hiyo. Alinong'ona "grande distinction", yaani alama za juu sana, kana kwamba kuta zina masikio.

Prof si mtu mbaya. Macho yake yalikuwa na maji alipokuwa anasema. Na mimi niliitaka. Humu naandika ukweli: niliitaka sana. Nimetembea mpaka nyumbani naandika sentensi kichwani. Zilikuwa sentensi nzuri.

Bila hilo, amesema, haoni kilichobaki cha kutetea tarehe 24. Bila saini yake hakuna jury.

Jumatano, 17 Septemba

Nimejaribu leo.

Tantine alikuwa anapindia sketi kwa mkono, mlangoni kwenye mwanga. Nikaweka simu juu ya kigoda, nimeiwasha, sikuificha. Nikamwambia ni kwa ajili ya mémoire. Akasema sawa. Alisema sawa haraka, na hilo lilinichoma, maana Tantine hasemi sawa haraka hata kwa bei ya vifungo. Nikaelewa kwamba angenipa. Angekaa pale anipe kila kitu, kwa sababu ni mimi ninayeomba.

Nikamuuliza swali la kwanza, lile aliloniandalia Prof. Unahisi nini unapoifunika ile sahani?

Sindano ikasimama.

"Hiyo swali iko yako ao ya Prof?"

"Ya Prof."

"Basi Prof akuje apinde sketi."

Lakini hakutabasamu. Akajaribu kujibu. Akautazama uzi. Mikono yake, ile isiyotetemeka. Nikaiona. Nikachukua simu nikaizima. Nikamwambia, Tantine, acha, maji yanachemka. Hakukuwa na maji yoyote jikoni. Alijua. Akaniambia nikaangalie maji.

Nimesimama jikoni mbele ya mbabula baridi, na pale ndipo nilipokata shauri. Simwandiki. Ikibidi kungoja mwaka, nangoja.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda kwa Prof. Nikamwambia Tantine hatakuwa kwenye mémoire. Si jina, si sahani, si wembe.

Akaniambia naacha dhahabu barabarani. Akaniambia nadharia hii ilizaliwa ili watu kama Tantine wasikike. Nikasema Tantine anasikika vizuri, mtaa mzima unamsikia, ni hili tu ambalo hataki. Sikujua nina mdomo wa namna hiyo mbele ya Prof.

Akapangusa miwani na ncha ya shati. Kisha akasema wakati wa vita ile yeye alikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto. Walikaa ukingoni wanatazama moshi upande huu, wanahesabu ndugu zao walio kwenye moshi. Hakuniambia hesabu iliishaje. Sikuuliza. Nimeanza kujifunza.

"Bon," akasema. "Fotokopi yako nami niliisoma bila kushtuka. Kosa ni la wawili. Niletee Petelo. Aliye hai."

Nina siku chache. Nimefuta La troisième assiette yote. Iliniuma kidogo, si uongo.

Jumatatu, 22 Septemba

Naandika tangu juzi. Tantine anapika, ananisukumia sahani, hasemi. Basi nimeona kitu, na sijui kama ningekiona bila yeye.

Kwenye kitabu hakuna anayemuuliza Petelo. Kurasa zote zile, hakuna hata mmoja anayesema walikufanya nini. Nilipokuwa na akili nyingi ningeandika kwamba familia inakataa ukweli. Sasa naona bibi anamgombeza kwa kuchelewa siku ya kwanza, na hiyo ndiyo hotuba yake yote. Baada ya hapo ni chakula, kila siku, mahali pale pale. Malia anakasirika. Anataka kaka yake wa zamani, anamsemesha, anamchokoza. Anajifunza polepole kumkalia karibu na kuchambua maharagwe. Huko ndiko kukua kwake. Siku Petelo anapofungua mdomo, karibu na mwisho, anasema neno moja tu, lile nililolidhani la Malia mwenyewe: chumvi. Malia anampa chumvi. Hamwiti mtu yeyote aje asikie. Ni mtu mzima siku hiyo.

Nadharia yangu bado imo. Shimo limo, ukimya umo. Nimeihamisha tu kutoka kwa aliyekufa kwenda kwa aliyerudi, na kwa wanaokaa naye.

Prof kasaini. Kaandika pembeni: enfin, yaani hatimaye. Nitaitunza karatasi hiyo.

Jumatano, 24 Septemba

Nimetetea.

Tantine alikuja. Kitenge kipya, kilemba, kakaa mstari wa mbele kama mama wa bibi harusi. Sikumwalika, nilidhani Kifaransa kingemchosha. Nilisahau kwamba na yeye amesoma.

Nilianza na kosa. Nikaambia jury kwamba sura yangu ya tatu mwanzoni ilijengwa juu ya nakala isiyo kamili, nikamshukuru Madame Bibiane, nikaendelea na Petelo. Sauti ilikuwa sawa. Kisha rais wa jury, mzee mmoja mwenye maswali mafupi, akauliza zile kurasa zilitokaje.

Zilikatwa, nikasema.

Na nani?

Prof akatazama miwani yake. Sikumtazama Tantine, nilitazama ukuta.

Nikasema, "Na msomaji aliyekuwa na sababu zake."

Mzee akataka kuendelea, nilimwona akivuta pumzi. Madame Bibiane akafungua ukurasa mwingine na kusema tupite kwenye swali la bibi. Tukapita.

Distinction. Si grande. Inatosha, tena inazidi. Prof kanipa mkono kwa mikono miwili. Papa kapigiwa simu, kapiga kelele mpaka Opala yote imejua.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Tantine, mvua ilikuwa imekwisha. Alinishika mkono njia nzima, kitu ambacho hajafanya tangu niko shule ya msingi. Karibu na nyumbani akasema, "Ulisema vizuri, pale kwa ule muzee." Halafu akaanza kulalamika juu ya viti vya chuo.

Jumapili, 28 Septemba

Jana alasiri nilikuwa nafunga nakala ya Madame Bibiane niirudishe. Tantine akaacha cherehani. Akasema, "Nisomee pale anarudi."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akanitazama ile ya kuniambia nisijifanye mkubwa.

Nikasoma. Naisoma Kifaransa, nageuza Kiswahili, mstari kwa mstari. Pirogi inagonga mawe. Mguu mmoja bila kiatu. Bibi anasema umechelewa, chakula kimepoa. Malia anasimama na sufuria mkononi hawezi kusogea. Petelo anaketi mlangoni. Anapewa sahani. Anakula, polepole, mpaka inakwisha. Ndiyo mwisho wa sura. Tantine alisikiliza mikono iko mapajani, bila kazi. Sijawahi kumwona na mikono isiyo na kazi.

Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyapangusa. Kisha akauliza:

"Hawakumupa maji?"

Maji gani, nikasema.

"Ya kuoga. Mutu anatoka mbali vile, na matope yote ile. Wanamupa chakula tu? Angalia tena."

Nikaangalia. Nikarudia sura nzima kimya kimya, mstari kwa mstari. Hakuna maji.

"Hapana, Tantine. Hakuna."

"Bon," akasema. "Aliyeandika iko mwanaume."

Akapangusa uso kwa kipande cha sketi ya mtu, akaenda kupika. Pondu, yaani majani ya muhogo, na lituma. Nikatwanga mimi ndizi. Akapakua tatu. Nilipokuwa napeleka ya tatu kwenye kona nikachota maji kwenye ndoo, nikajaza beseni dogo, nikaliweka chini, karibu na mlango. Tantine aliona. Akaenda akaweka taulo juu yake. Tukala.

Leo asubuhi chai ilikuwa tayari na sahani iko mezani. Nikakaa mbele yake nikashindwa kuigusa. Tantine alikuwa anamwagia bustani yale maji ya beseni. Akaingia, akaona nimekaa tu.

"Kula," akasema. "Idi hapendi chakula kitupwe."

Nikala yote. Na chai, kama kila siku.